Aliniumiza au alinijeruhi?

Hotuba kwa wakalimani na wanafunzi wa tafsiri, Mombasa, Siku ya Kimataifa ya Tafsiri, 30 Septemba

Walimu wangu, wakalimani wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, hamjambo. Nimeambiwa nina nusu saa, na aliyeniambia ameketi pale mbele akiitazama saa yake, kwa hivyo salamu nyingine tutazimalizia kwenye chai.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa kijana, mkalimani mgeni katika mahakama moja ya huku Pwani ambayo sitaitaja. Kesi yenyewe ilikuwa ndogo. Wavuvi wawili waligombania pesa za samaki, mmoja akashika kasia akampiga mwenziwe begani. Mlalamikaji, mtu mzima wa makamo, akapanda kizimba cha mashahidi, akaapa, akasema: "Aliniumiza vibaya, mpaka leo mkono hauinuki." Basi mimi nikataka Kiingereza changu kisikike. Nikasema: "He wounded me badly." Neno "wound" nililipenda, lilikuwa na harufu ya vitabu. Hakimu akaliandika.

Wakili wa mshtakiwa akasimama na fomu ya P3 mkononi, ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima aliyeumizwa. Daktari alikuwa ameandika uvimbe, na damu iliyovilia chini ya ngozi. Ngozi yenyewe nzima. Wakili akauliza kwa Kiingereza, nami nikageuza kwa Kiswahili: "Umeiambia mahakama kwamba alikujeruhi. Jeraha liko wapi?" Yule mzee akanitazama mimi, hakumtazama wakili. "Jeraha lipi? Mimi sikusema jeraha." Nikaligeuza na hilo. Hapo mbele ya mahakama mzee akaonekana kigeugeu, asubuhi anasema amejeruhiwa, saa sita anakana. Katika chumba kizima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hakuna aliyesema uongo. Ilinichukua muda kuinua mkono, tena muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. "Mheshimiwa, kosa ni la mkalimani." Hakimu akalikata lile neno kwa kalamu, akaendelea.

Leo nataka tuyatazame maneno ambayo Waingereza huyatumia wanapotaja dhara, kwa sababu sisi tunayashika kila siku na wengi wetu tunayashika kama nilivyolishika mimi lile. Tunadhani ni visawe. Kamusi zetu nazo zinatusaidia kudhani hivyo. Fungua "harm", utakuta dhuru, umiza. Fungua "hurt", umiza, dhuru. Fungua "injure", umiza, jeruhi, dhuru. Unatoka na kikapu kilekile mara tatu.

Tuanze na hilo lililoniponza. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 4, inaeleza "wound" ni nini: ni mkato au tundu linalopasua au kutoboa utando wa nje wa mwili. Kisha inaongeza kitu ambacho wengi hukiruka, kwamba utando unahesabiwa kuwa wa nje iwapo unaweza kuguswa bila kupasua utando mwingine. Pitisheni ulimi ndani ya shavu. Hapo ni nje, kwa sheria. Mtu akikupiga ngumi mdomo ukachanika kwa ndani dhidi ya meno, hiyo ni "wound". Akikupiga rungu bandama likapasuka tumboni nawe ukawa mahututi, lakini ngozi haikuachana, hiyo si "wound". Uingereza iko kesi ya mwaka 1983: risasi ndogo ya bunduki ya upepo ilimpata kijana karibu na jicho, mishipa ya damu ikapasuka ndani ya jicho. Mahakama ikasema hapana, ngozi haikukatika, hiyo si "wound". Hawakusema kijana hakuumia. Walisema neno hili halina nafasi ya kuumia kwa namna hiyo.

Sasa lisikilizeni neno letu, jeraha. Limetoka Kiarabu, na asili yake ni kidonda cha kukatwa. Lakini sisi tumelipeleka mbali. Mchezaji amevutika msuli wa paja, hakuna hata tone la damu, mtangazaji anasema ni majeruhi, atakosa mechi tatu. Refa anaongeza dakika, tunaziita dakika za majeruhi hata kama zilipotea kwa kubadilisha wachezaji. Silalamiki. Lugha ni mali ya wanaoisema. Ila mkalimani ajue kwamba "jeraha" la uwanjani ni pana kuliko "wound" ya kifungu cha 4, na shahidi anayesema "alinijeruhi" huenda anazungumza kwa Kiswahili cha uwanjani. Hapo kazi yako si kukisia.

Katika fomu ya P3 daktari anatakiwa aseme madhara ni ya daraja gani, na fomu inamfafanulia maneno matatu: "harm", "grievous harm" na "maim". Wanafunzi hudhani ni ngazi ya maumivu, yaani kidogo, zaidi, sana. Sivyo. Sheria haipimi maumivu. "Harm" ni maumizo yoyote ya mwili, ugonjwa au hitilafu, iwe ya kudumu au ya kupita. "Maim" ni kuharibiwa au kulemazwa kwa kudumu kwa kiungo au hisi, iwe ya nje au ya ndani. "Grievous harm" inakusanya "maim", inakusanya dhara la kuhatarisha maisha, inakusanya kuharibika afya vibaya, na kuharibika sura kwa kudumu. Mtu anaweza kupoteza kabisa usikivu wa sikio moja kwa kofi ambalo maumivu yake yaliisha siku ileile. Limeisha kuuma, na ni "grievous".

Msidhani haya ni mambo ya darasani. Kifungu cha 250, shambulio la kawaida, kifungo mwaka 1. Kifungu cha 251, shambulio lililosababisha "actual bodily harm", miaka 5. Kifungu cha 234, "grievous harm", mtu anaweza kufungwa maisha. Kati ya miaka 5 na maisha pana kivumishi kimoja.

Hicho kivumishi nacho tukitazame. "Grievous" asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya uzito. Hakina habari na ukubwa. Wengi tunasema "madhara makubwa", na wenzetu wa Tanzania nao ndivyo walivyozoea, nami sitashindana na mazoea. Lakini sikio langu linapendelea "madhara mazito". Sindano ikiingia jichoni, tundu ni dogo mno, dhara ni zito. Waliposema "makubwa" nimeona mashahidi wakionyesha kwa mikono, hivi, kama mtu anayepima samaki. Majaji wa Uingereza mwaka 1960 walilieleza neno hili kwa maneno mepesi, kwamba maana yake ni dhara baya kwelikweli, wakaishia hapo. Wakati mwingine uchovu wa jaji ni hekima.

Na lile "actual" la kifungu cha 251? Hapo tahadharini. Nimeona tafsiri iliyosema "madhara halisi ya mwili", kana kwamba kuna madhara bandia. "Actual" pale inataka kusema kwamba dhara limetokea kweli, kwamba si jambo la kupuuzika. Watanzania husema "shambulio la kudhuru mwili", wakaliacha hilo neno kabisa, na hakuna kilichopotea. Mfasiri asiyejua kuacha hajakomaa.

Ngoja niwape hadithi ya "maim", kwa sababu ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, japo ni ya damu. Neno hili na "mayhem" ni ndugu wa tumbo moja. Siku hizi "mayhem" ni fujo, vurumai, gari la moshi limechelewa watu wanasukumana. Zamani katika sheria ya Uingereza lilikuwa kosa mahususi: kumnyima mtu kiungo ambacho angekitumia vitani. Mwili wa raia ulikuwa askari wa mfalme. Kwa hivyo ukimkata mtu kidole, ni "mayhem", upanga ataushikaje? Ukimng'oa jino la mbele, ni "mayhem", kwa kuwa jino la mbele liliaminika kuwa ni silaha. Lakini ukimkata pua au sikio, si "mayhem". Hukumpunguzia nguvu za kupigana, umemharibu sura tu.

Tu! Mpaka Desemba 1670. Mbunge mmoja, Sir John Coventry, alifanya mzaha bungeni kuhusu mapenzi ya Mfalme Charles wa Pili kwa waigizaji wa kike. Usiku mmoja walinzi wakamvizia njiani wakamchana pua mpaka mfupa. Wabunge wakagutuka, kila mmoja akajishika pua yake, na mwaka uliofuata, 1671, wakapitisha sheria ya kuadhibu kwa kifo anayemvizia mtu na kumkata pua, mdomo au ulimi kwa nia ya kumlemaza au kumharibu sura. Ndipo "disfigure" ilipopata kiti chake kamili karibu na "maim". Na mkienda leo katika kifungu chetu cha 4, kwenye Kanuni iliyoletwa na wakoloni mwaka 1930, yale maneno ya kuharibika sura kwa kudumu yamo. Ile pua imesafiri mpaka Mombasa.

Nanyi je, "disfigure" mtaigeuzaje? "Kuharibu sura", ndiyo, inaeleweka. Lakini Kiswahili kina neno ambalo nikilifikiria huwa naona fahari: kuumbua. Kuumba ni kuleta umbo, kuumbua ni kuliondoa, kama kufunga na kufungua, kama kuziba na kuzibua. Anayemchana mtu uso anairudisha nyuma kazi ya Muumba. Waingereza nao neno lao linasema jambo la kufanana, kuondoa umbo, lakini hawalisikii tena. Sisi tungelisikia, isipokuwa vijana wameshalichukua. Siku hizi kumuumbua mtu ni kumfichua, kumwaibisha mbele ya watu, na mahakamani ukilisema watu watadhani mshtakiwa alitoa siri za mlalamikaji. Nimelitumia mara moja tu. Sikurudia. Ni ndugu yake, kuumba, aliyebaki katika methali, hujafa hujaumbika, ambapo bado anafanya kazi yake ya kale.

Tuiache miili kidogo. "Injury" ni neno ambalo linatudanganya kwa sababu ya hospitali. Tunaliona kwenye karatasi za daktari, tunadhani nyumbani kwake ni hospitalini. Nyumbani kwake ni kwa kadhi. Kwa Kilatini "iniuria" ni jambo lililo kinyume cha haki. Kwa karne nyingi mtu angeweza kusema amepata "injury" na usimkute hata na mkwaruzo. Iko kesi iliyoamuliwa mwaka 1703: mtengeneza viatu wa mji wa Aylesbury, jina lake Ashby, alikuwa amezuiwa kupiga kura na askari wa mji. Wagombea aliowataka walishinda hata hivyo. Sasa amepoteza nini? Hakuna hata senti. Lakini Jaji Mkuu Holt alisema kumnyima mtu haki yake tayari ni "injury", hata kama haikumgharimu chochote, na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likamkubalia Ashby. Hebu jaribu kuandika hapo kwamba Ashby "alijeruhiwa" au "aliumizwa". Neno letu hapo ni dhuluma. Alidhulumiwa.

Upande wa pili kuna "damage", ambalo asili yake ni hasara. Inawezekana kupata hasara bila kudhulumiwa. Mwaka 1895 bwana Pickles alichimba katika ardhi yake akayageuza maji ya chini yaliyokuwa yakiufikia mji wa Bradford, na kila mtu alijua anataka mji umnunue. Majaji wakasema ardhi ni yake, nia yake mbaya haiwahusu. Bradford ilipata hasara, haikudhulumiwa. Kiswahili kinaweza kuutenganisha mpaka huu vizuri sana, hasara huku, dhuluma kule, na ndiyo maana nakasirika ninapoona kila kitu kimetupwa ndani ya "madhara". Tena mkumbuke "damages" kwa wingi ni fidia. Niliwahi kusoma mkataba uliotafsiriwa ambapo mpangaji aliahidi "kulipa uharibifu". Nadhani aliishi kwa wasiwasi.

Na kuna mahali "damage" inatumika kwa makusudi ili watu wawe vitu. Wasemaji wa majeshi husema "collateral damage". Kitu ndicho hupata "damage", gari, ukuta, daraja. Mtu hupata "injury". Walipochagua neno la ukuta kwa watoto waliouawa walijua wanachofanya. Mfasiri wa habari akiandika "uharibifu wa ziada" amekuwa tarishi wao. Andika: watu waliouawa ilhali hawakulengwa.

Ndugu zangu Waislamu hapa watakuwa wanakumbuka Hadithi ya "la dharara wala dhirara", na jinsi wanazuoni walivyojadiliana tofauti ya maneno hayo mawili yanayofanana kama mapacha, kama moja ni kuanza kudhuru na jingine ni kudhuru kwa kulipiza. Kwa hivyo si Waingereza tu wanaolichambua jambo hili mpaka kokwa.

Neno "hurt" nililiacha makusudi, kwa kuwa hapo sisi ndio matajiri. Waingereza wana umbo moja: jino lina-"hurt", mimi nime-"hurt", wewe umeni-"hurt". Sisi tuna kuuma, kuumia, kuumiza, kuumizwa, na wenzetu wa Tanzania wakiwa wagonjwa wanaumwa. Silabi moja mwishoni inakwambia nani alifanya nini. Tatizo ni pale unapotoka Kiingereza kuja huku. "She was hurt." Aliumia au aliumizwa? Aliumia huenda aliteleza bafuni. Aliumizwa, kuna mtu. Kiingereza kimemficha yule mtu na Kiswahili kinakulazimisha umtaje au umfute. Mbele ya hakimu, ile "z" ndogo inaweza kuwa mshtakiwa mwenyewe. Usiiweke kwa sababu inasikika vizuri, wala usiiondoe kwa sababu unamwonea mtu haya. Omba mahakama imwulize shahidi.

Vivyo hivyo, dhara la moyoni. Sheria ya Uingereza ya 1861, ambayo ndiyo mama wa vifungu vyetu vingi vya aina hii, inasema "bodily", ya mwilini. Mwaka 1997 Malodi waliletewa kesi ya mtu aliyekuwa akiwapigia wanawake watatu simu usiku, asiseme neno, ananyamaza tu, hadi wakaugua akili. Wakati sheria inatungwa simu haikuwepo. Malodi wakasema ugonjwa wa akili uliothibitishwa na daktari unaingia katika "bodily harm". Ila hofu tupu, huzuni tupu, hapana. Mpaka uko hapo: kuugua, si kuhuzunika. Mlalamikaji anaposema "aliniumiza roho", Kiswahili kinavuka mpaka huo bila hata kuuona, kwa sababu kwetu roho inauma kwa kitenzi kilekile cha jino. Mimi husema "he hurt me in my heart", neno la chini kabisa nililo nalo, na kuwaachia madaktari waseme kama ni ugonjwa. Na kwa wale waliozoea kucheka, mwaka 2006 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba kumkata mwanamke nywele zake kwa nguvu ni "actual bodily harm". Kina mama hapa hawacheki.

Kwa wanaotafsiri mambo ya tiba, neno moja tu: "insult". Daktari akiandika ubongo umepata "insult" anasema umepata pigo, kwa mfano umekosa damu. Nilisahihisha kazi ya mwanafunzi mmoja aliyeandika "ubongo wa mgonjwa ulitukanwa". Nilimpa alama moja kwa kunichekesha.

Lakini kuna linalonikosesha usingizi mpaka leo, nalo linatoka upande wetu. Mtoto anasimama mahakamani anasema: "Alinifanyia tabia mbaya." Kila aliyelelewa na Kiswahili hapa anajua mtoto anasema nini, kwa nini hasemi zaidi, na ni mama yake aliyemfundisha neno hilo kwa stara. Mkalimani anageuza: "He did bad manners to me." Kumbukumbu za mahakama zetu zimejaa sentensi hii. Kwa Mwingereza, "bad manners" ni kutafuna huku mdomo uko wazi. Kosa zito kuliko yote limeandikwa kwa neno la mezani. Tufanye nini? Huna ruhusa ya kujaza kile ambacho mtoto hakukisema, ukijaza umekuwa shahidi. Nawe ukiligeuza neno kwa neno umemnyamazisha. Njia niliyoiona ni kulisema neno kwa Kiswahili chake kama lilivyo, halafu kuiambia mahakama kwamba hilo ni neno la stara, lina maana pana, na mahakama ikiona vema imwongoze mtoto aeleze. Hakimu mmoja alinikemea kwa hilo. Mwingine alinishukuru. Nimeendelea nalo.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Wenzetu wa Tanzania, kwa Sheria Na. 1 ya 2021, wameamua lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili, na sasa wanakaa na maneno haya moja baada ya jingine wakiyatafutia viti. Siwaonei wivu, lakini ningependa kuwa kwenye chumba hicho.

Naona saa imeinuliwa. Pale kwenye meza ya nyuma ziko nakala za ukurasa wa P3 wenye zile fafanuzi tatu. Baada ya chai mkae wawili wawili, aliyezoea mahakama na asiyezoea, mzigeuze kwa Kiswahili ambacho yule mvuvi wangu angekielewa bila kumtazama mkalimani. Mtafika salama mpaka katikati ya ile ya kwanza, mahali penye neno "disorder". Mimi niliandika "hitilafu", nikafuta, nikaandika "kasoro", nikafuta, nikarudi "hitilafu". Mkipata jema zaidi, nitakuwa karibu na birika.